Bata Si Kuku Aliyelowa: Mhadhara Kuhusu Afya ya Bata na Bukini wa Nyumbani



Nimeombwa nizungumzie maradhi yanayowapata bata na bukini wanaofugwa majumbani. Ningeweza kuwasomea orodha ya magonjwa, moja baada ya jingine, kila mtu akarudi kwake na woga mwingi na maarifa haba. Badala yake nitatoa dai moja, kisha nilitetee. Dai langu ni kwamba bata wengi wanaolemaa, wanaodhoofu na kufa katika nyua zetu wameponzwa na jambo moja: kufugwa kana kwamba ni kuku. Wanalala banda la kuku, wanakula chakula cha kuku, wananywa katika chombo cha kuku, na wakiugua wanapewa dawa ya kuku kwa kipimo cha kuku. Ndege hawa ni wavumilivu, kwa hiyo kosa halionekani siku hiyo hiyo. Huonekana baada ya wiki kadhaa, na wakati huo lawama imeshapelekwa kwingine.

Tumjue mgonjwa

Bata wetu wa kienyeji, yule mwenye nyama nyekundu usoni ambaye dume lake halipigi kelele bali hukoroma kwa pumzi, asili yake ni Amerika ya Kusini na ya Kati. Mayai yake huatamiwa siku 35. Bata weupe wa nyama na mayai, pamoja na karibu bata wengine wote wa kufugwa duniani, wametokana na bata mwitu wa kaskazini mwa dunia, na mayai yao huanguliwa siku ya 28. Bukini ni ukoo mwingine tena: wa Ulaya wametokana na bukini wa kijivu, wa Kichina wametokana na bukini mwenye shingo ndefu wa Asia ya Mashariki. Mayai yao huchukua siku 28 hadi 34. Kuku, kama mjuavyo, ni siku 21. Mtu anayemwatamishia kuku mayai ya bata ajue kwamba anamwomba alale juu ya mayai wiki moja au mbili zaidi ya desturi yake, na wengine huinuka kabla kazi haijaisha.

Bata ana sifa ya ugumu, na sifa hiyo ameipata kwa haki. Kideri kinapopita mtaani na kusomba kuku wote, bata hubaki wakitembea. Wengi wakahitimisha kwamba bata haugui. Ukweli ni kwamba virusi vya kideri humwingia bata pia, ila mara nyingi havimwangushi. Anaweza kuvibeba na kuvitoa kwa kinyesi bila dalili yoyote. Kwa hiyo mwenye bata na kuku katika ua mmoja achanje kuku wake bila kukosa. Ile chanjo ya matone ya jicho ya I-2, inayostahimili joto kuliko chanjo za zamani, iliandaliwa kwa ajili ya vijiji na nyua kama zetu.

Jambo jingine la kumjua mgonjwa huyu ni kwamba anaficha ugonjwa. Ndege anayewindwa akionyesha udhaifu huliwa kwanza, na tabia hiyo bata hakuiacha porini. Bata aliyejitenga na wenzake, aliyenyong'onyea na kuacha kuja mbio asikiapo sufuria, ameanza kuugua siku kadhaa zilizopita. Usimpe muda wa kungoja.

Miguu inayopinda

Nianze na tatizo ambalo huenda kila mliopo hapa amewahi kuliona. Kifaranga wa bata ana wiki mbili au tatu, anakula vizuri, macho maangavu. Ghafla anaanza kuchechemea. Vifundo vya miguu vinavimba, miguu inapinda kama upinde, naye anatembea kwa magoti au anakaa chini akijisogeza kwa mabawa. Jirani anasema amekanyagwa. Mwingine anasema ni baridi yabisi.

Mara nyingi ni upungufu wa niasini, yaani vitamini B3. Mwili wa kuku unaweza kujitengenezea sehemu ya niasini kutoka kwenye kirutubisho cha protini kiitwacho triptofani. Mwili wa bata ni hafifu sana kwa kazi hiyo, kwa hiyo lazima aipate ikiwa tayari katika chakula. Viwango vilivyochapishwa mwaka 1994 na Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani vinaonyesha tofauti hiyo: kifaranga wa kuku wa mayai anahitaji takriban miligramu 27 za niasini katika kila kilo ya chakula, wa kuku wa nyama 35, wa bata 55, na wa bukini 65. Mfuko wa chakula cha vifaranga unaouzwa dukani umepigiwa hesabu ya kuku. Ukimpa bata peke yake bila nyongeza, umempa nusu au theluthi mbili ya anachohitaji.

Hali ni mbaya zaidi kwa anayelishwa pumba za mahindi na makombo ya ugali. Mahindi yana niasini, lakini imefungwa kwa namna ambayo utumbo hauwezi kuifungua kwa urahisi. Hili halimhusu bata peke yake. Mwaka 1990 wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa kambini nchini Malawi, wakitegemea mahindi ya msaada, walipata pelagra kwa maelfu baada ya mgao wao wa karanga kukatika. Pelagra ni upungufu huo huo wa niasini ndani ya mwili wa binadamu. Binadamu huonyesha kwa ngozi, kuhara na kuchanganyikiwa. Kifaranga wa bata huonyesha kwa miguu.

Tiba ni nyepesi ikiwahi. Duka la dawa za mifugo lina vitamini za kundi B za kuchanganya na maji. Hakikisha niasini imo na fuata kipimo cha mtaalamu. Chakulani ongeza dagaa waliooshwa chumvi, vipande vya maini yaliyopikwa, njegere zilizopondwa, au hamira kavu itokanayo na utengenezaji wa bia pale inapopatikana. Kifaranga aliyepewa mapema hupata nafuu ndani ya siku chache. Aliyeachwa mpaka mifupa ikakomaa ikiwa imepinda atabaki hivyo.

Na tafadhali, vifaranga wasipewe chakula cha kuku wanaotaga. Chakula hicho kina kalsiamu zaidi ya asilimia 3 kwa ajili ya maganda ya mayai. Kifaranga anayekua hahitaji hata asilimia 1, na ziada hiyo inamharibia figo.

Bawa lililogeuka nje

Tatizo la pili la malezi ni bawa linalogeuka. Kiungo cha mwisho cha bawa kinapinduka, na manyoya makubwa yanachomoza ubavuni badala ya kulala mgongoni. Bukini wanapata zaidi kuliko bata. Chanzo ni ukuaji wa kasi kupita uwezo wa mifupa. Manyoya ya kurukia yanapoota yamejaa damu na ni mazito, na kifundo cha bawa ambacho bado ni laini kinalemewa na kupinda.

Kinachosukuma kasi hiyo ni chakula chenye nguvu nyingi mno, au protini nyingi kwa muda mrefu mno, pamoja na ukosefu wa mazoezi na majani. Mkate, maandazi na chapati alizobakiza mtoto vina wanga mwingi na virutubisho vichache. Mtoto anapenda kumlisha bata mkate, na bata anapenda kuula, nanyi wazazi mnajua ugumu wa kukatiza mapenzi ya watu wawili. Mpeni mtoto mchicha uliokatwakatwa, majani ya figiri au njegere, awarushie bata wake hivyo.

Kwa chakula chenyewe, kifaranga wa bata anatosheka na protini ya asilimia 22 hivi kwa wiki mbili za mwanzo, kisha ishushwe hadi karibu asilimia 16. Bukini anaanza na asilimia 20 na kushuka hadi 15 baada ya wiki nne, huku akiachiwa nyasi, kwa sababu bukini ni mlishaji wa majani. Nyasi zake ziwe fupi na changa. Bata na bukini hawana gole la kweli kama la kuku, na nyasi ndefu zilizokomaa au kamba za nailoni hujisokota na kuziba njia.

Ukiliona bawa limeanza kugeuka kwa kifaranga, likunje mahali pake kwa kitambaa laini kinachojishika chenyewe, usibane kifua, uache siku chache, na urekebishe chakula. Kwa bata mzima haiponi tena. Haitamuua, hataruka tu, na wengi wa kienyeji wanaoishi kwenu mmekwisha kuwakata manyoya ili wasiruke.

Kuvu katika debe la pumba

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ningependa mlibebe hata kama mtasahau mengine yote.

Mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa ndani ya miezi michache, na hakuna aliyejua sababu. Vifaranga wa bata nao walikufa. Wachunguzi walitafuta virusi na bakteria, wasipate. Mwishowe nyayo ziliongoza hadi kwenye mashudu ya karanga yaliyoagizwa kutoka Brazili. Haikuishia Brazili. Mwaka 1961 watafiti walichunguza karanga zenye sumu kali zilizotoka Uganda, na ndani yake wakapata kuvu aitwaye Aspergillus flavus. Huyo ndiye mtengenezaji wa sumu tunayoiita leo sumukuvu, aflatoksini. Elimu yote ya dunia kuhusu sumu hii ilianza na ndege waliokufa, na sehemu yake ilipita katika karanga za Afrika Mashariki.

Kwa nini nawaeleza nyinyi wenye bata? Kwa sababu kifaranga wa bata ni miongoni mwa viumbe wanaodhurika upesi mno na sumu hii. Wanasayansi walimtumia kwa miaka mingi kama kipimo: wakitaka kujua chakula kina sumukuvu, walimlisha kifaranga wa bata wa siku moja na kuchunguza ini lake. Kiasi cha mikrogramu 18 hivi, kitu kisichoonekana kwa macho, kinatosha kuua nusu ya vifaranga wenye gramu 50 kila mmoja. Kwa hesabu ya uzito ni karibu miligramu 0.35 kwa kilo, ilhali kuku huhitaji miligramu 6.5 au zaidi. Pumba ambazo kuku wako wamekula mwezi mzima bila tatizo zinaweza kumaliza vifaranga wa bata wako.

Dalili zake zinafanana na nyingi nyingine: kutokula, kudumaa, kupoteza manyoya, miguu kubadilika rangi kuwa ya zambarau, kuyumba, shingo kujikunja nyuma, kufa. Kwa bata mzima anayekula sumu kidogo kidogo, ini huharibika polepole, mayai hupungua, na magonjwa mengine humpata kirahisi. Hakuna dawa ya kuitoa. Kuchemsha hakuiondoi, kwa sababu haiharibiki kwa joto la jikoni. Kuondoa punje zenye kuvu kwa macho kunapunguza tu, maana sumu inaweza kuwamo hata pasipoonekana rangi ya kijani.

Mfugaji wa kwetu ana desturi moja ya hatari. Mahindi yakiharibika na mtu akaona hayafai kwa ugali, hayatupi. Huyapeleka kwa kuku na bata. Karanga zilizooza, mashudu yaliyokaa katika gunia lililolowa masika, mkate wenye ukungu, vyote humalizikia bandani. Viwango vya Afrika Mashariki vinataka mahindi ya binadamu yasizidi mikrogramu 10 za sumukuvu kwa kilo. Chakula kilichokataliwa na binadamu kinaweza kuwa kimevuka kiwango hicho, nasi tunampa kiumbe dhaifu zaidi mbele yake.

Na tusidhani binadamu yuko salama. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafa baada ya kula mahindi yenye sumukuvu. Vifo vya ghafla vya vifaranga wa bata kwenye nyumba inayokula ghala moja na watu ni jambo la kuchunguzwa upesi, kwa usalama wa familia nzima.

Nunua pumba kidogo kidogo, za wiki mbili au tatu. Weka gunia juu ya mbao, mbali na ukuta. Pumba zikilowa au kunuka uvundo, zitupe kwenye shimo na uzifukie. Matandiko nayo yabadilishwe: maranda na majani makavu yaliyolowa huotesha kuvu wengine wanaoingia mapafuni, na bata anaanza kupumua kwa mdomo wazi bila kukohoa. Hali hiyo ikishaanza, tiba ni ngumu.

Maji ya kunywa, maji ya kuoga, na maji ya kufia

Kila mtu anajua bata anapenda maji. Wengi hawajui anayahitaji vipi. Kwanza, asile bila maji karibu. Anapokula unga mkavu hukimbilia maji ili kumeza, na akiyakosa anaweza kusakamwa. Pili, chombo kiwe na kina cha kutosha kuzamisha kichwa hadi juu ya macho. Hivyo ndivyo anavyosafisha pua na macho. Bata anayenyweshwa kwenye kisahani kifupi hupata macho yenye tongo, pua zilizoziba na mashavu yaliyovimba, na mwenyewe huenda kununua dawa ya mafua. Ndoo iliyokatwa ingetosha.

Tatu, hahitaji bwawa. Karai pana linalobadilishwa maji kila siku ni bora kuliko dimbwi kubwa lisilosogea. Juu ya mkia bata ana tezi ya mafuta anayojipaka ili maji yasimpenye. Akiogea maji ya sabuni yaliyomwagwa baada ya kufua, au akiishi katika tope tupu, mafuta hayo hupotea. Manyoya hulowa hadi ngozini, naye huzama au hupata baridi. Kifaranga aliyeanguliwa na mashine au na kuku hana mama wa kumpaka mafuta. Asiachiwe kuogelea hadi manyoya halisi yaote, na wiki ya kwanza awekwe kwenye joto la nyuzi 32 hivi, likipunguzwa kidogo kidogo kila wiki.

Nne, maji yanaweza kuua. Wakati wa joto, dimbwi likipungua na mizoga ikioza ndani yake, bakteria aitwaye Clostridium botulinum huzaliana na kutengeneza sumu inayopooza misuli. Funza wanaokula mzoga huikusanya mwilini mwao bila kudhurika, na bata anayekula funza hao hupooza: kwanza miguu, kisha mabawa, kope, halafu shingo inayolegea hadi kichwa kinaburuzwa. Bata aliye majini hufa kwa kuzama. Walioathirika kidogo hupona wakihamishiwa kivulini na kupewa maji safi taratibu. Kinga ni kuokota kila mzoga wa panya, kuku au samaki unaouona, na kuuchoma au kuuzika kwa kina. Katika mitaa yetu yenye mifereji ya maji machafu iliyo wazi, kumwachia bata azurure humo ni kumtuma akaokote sumu.

Sakafu na vitu vinavyong'aa

Unyayo wa bata umeumbwa kwa matope na majani. Ua wa saruji au wa tofali za kisasa, unaopendeza kwa macho na rahisi kufagia, humkwangua kila hatua. Penye mkwaruzo bakteria wa stafilokoka huingia, na unyayo huota kidonda chenye gamba jeusi katikati, chini yake usaha mgumu. Bata mzito hupata upesi zaidi. Mgonjwa huchechemea na kukaa sana.

Kikiwa kidogo, loweka mguu katika maji ya uvuguvugu yenye chumvi, usafishe, ufunge bendeji safi, na umlaze kwenye majani makavu mpaka pafunge. Kikiwa kikubwa, usipasue mwenyewe kwa wembe. Uambukizo wa hapo hupanda hadi mfupani, na kazi hiyo ni ya daktari wa mifugo. Zaidi ya tiba, weka sehemu ya ua iwe ya mchanga, majani au mpira laini.

Kwenye nyumba zinazojengwa kuna hatari nyingine. Bata humeza kinachong'aa: misumari, vipande vya waya, skrubu, risasi za uzito wa nyavu za kuvulia. Chuma chenye zinki au risasi kinasagwa katika firigisi na sumu kuingia damuni. Bata hukonda, hutoa kinyesi cha kijani, mabawa yakalegea. Fagia ua baada ya mafundi kuondoka. Na unapombeba bata, usimshike miguu kama unavyobeba kuku wa sokoni. Miguu yake ni dhaifu na huteguka. Mshike mwili mzima, mabawa yakiwa yamebanwa.

Vifo vya ghafla

Niliyoyasema mpaka sasa yanazuilika na mfugaji mwenyewe. Yapo maradhi ya kuambukiza ambayo huja kwa kishindo, na kwayo kazi yenu ni kuyatambua na kuita msaada.

Kipindupindu cha kuku, kisababishwacho na bakteria Pasteurella multocida, ndicho Louis Pasteur alichokitumia kutengenezea mojawapo ya chanjo za kwanza za maabara, karibu na mwaka 1880. Jina lake ni la kuku, lakini bata na bukini huuawa nacho vibaya. Bata aliyekula vizuri jioni hukutwa amekufa asubuhi. Panya ni wabebaji wake, kwa hiyo pumba zilizoachwa wazi usiku zinawaita.

Homa ya ini ya bata, iliyotambuliwa Long Island nchini Marekani mwaka 1949, huwapata vifaranga walio chini ya wiki sita. Kifaranga huanguka ubavu, akapiga miguu, kichwa kikajikunja mgongoni, na ndani ya saa moja amekufa. Tauni ya bata, yenye virusi vya jamii ya herpesi, ilielezwa Uholanzi mwaka 1923 na kuzuka Long Island mwaka 1967. Huwaua wakubwa kwa kuhara damu na kuogopa mwanga. Madume hufa uume ukiwa umetoka nje.

Mafua makali ya ndege ndiyo yanayohusu watu moja kwa moja. Virusi vya H5N1 vinavyozungumzwa duniani vilitambuliwa kwa bukini katika jimbo la Guangdong, China, mwaka 1996. Mwaka uliofuata, Hong Kong, watu 18 waliambukizwa na 6 wakafa. Hapa kwetu, Januari 2017, Uganda ilitangaza aina ya H5 iliyoua ndege pori kandokando ya Ziwa Victoria, kisha ikakutwa kwa bata na kuku wa kufugwa. Kenya ikazuia kuku kutoka huko. Bata hapa ana nafasi ya hatari ya pekee, kwa sababu baadhi ya virusi hivi humpitia bila kumwangusha, naye akavieneza kwa kinyesi majini. Bata wako anayeshiriki bwawa na ndege wa porini ni daraja kati ya ziwa na jiko lako.

Bata wawili au watatu wakifa ndani ya siku moja, usichinje waliobaki ili kuwahi nyama. Usiwauze, usiwagawe kwa majirani, usitupe mizoga mtoni. Funga lango, wazuie watoto, osha mikono kwa sabuni, na mpigie simu afisa mifugo wa kata au daktari wa mifugo wa karibu siku hiyo hiyo.

Uzazi, kwa ufupi

Jike anayejikaza, mkia ukitikisika, akikaa kiotani bila kutaga, huenda yai limekwama. Mweke kwenye maji ya uvuguvugu saa nzima, mpe kalsiamu, na lisipotoka mtafute daktari. Yai likipasuka ndani ni hatari kubwa. Kinga yake ni kumwekea ganda la mayai lililosagwa au chokaa ya kulishia mifugo kwenye chombo cha pembeni, ale atakavyo, na kumpa mwanga na chakula kwa kiasi ili asitage mfululizo mwaka mzima. Dume mmoja atosheke na majike wanne hadi sita. Madume wengi katika ua mdogo huwachuna majike shingoni na kuwazamisha majini, nao wenyewe hujeruhi uume wao. Uume uliotoka na usiorudi uoshwe, uzuiwe usikauke, na daktari aitwe kabla haujaoza.

Dawa, mayai na watoto

Neno moja kuhusu dawa. Bata hunywa na kumwaga maji mengi kuliko kuku. Antibiotiki ya unga iliyopigiwa hesabu ya kuku kwa lita moja inaweza kumzidia bata au kumpungukia, na hujui ni ipi. Dawa zinazowekwa katika chakula cha kuku kuzuia ugonjwa wa kuhara damu nazo si zote salama kwake. Soma karatasi ya mfuko, uliza, na kama amepewa dawa usile mayai yake mpaka muda ulioandikwa upite.

Mayai ya bata yapikwe mpaka kiini kiive. Salmonela humkaa bata bila kumwumiza, na mtoto anayembusu kifaranga wake mdomoni anaweza kulazwa kwa kuhara. Hilo halina maana ya kumnyima mtoto bata. Lina maana ya sabuni karibu na banda, na mkono kuoshwa kila baada ya kumshika.

Wito

Bata wa nyumbani anaweza kuishi miaka 8 hadi 12, na bukini zaidi ya 20. Wengi wetu hatujawahi kumwona mmoja akizeeka, kwa sababu tumezoea kudhani kwamba kufa mapema ndiyo desturi yake.

Nawaomba mambo mawili. Wenye maduka ya vyakula vya mifugo, wekeni rafuni mchanganyiko wa bata, au walau mumwambie mteja anayenunua chakula cha vifaranga kwa ajili ya bata kwamba anahitaji kuongeza niasini. Na nyinyi wafugaji, mkifika nyumbani leo, kabla ya kununua dawa yoyote, fungueni gunia la pumba mlinuse, mpime kina cha chombo cha maji, na mgeuze unyayo wa kila bata muutazame. Mtakachokiona hapo ndicho kitakachowaambia kama mna haja ya daktari, au mna haja ya kubadilisha ufugaji wenu.